Barua ya wazi: vifaa vya wanafunzi vipimwe siku ya pili

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa wenye dhamana ya shule TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwa wakurugenzi wa halmashauri, maofisa elimu wa mikoa na wilaya, na waandaaji wote wa mashindano ya ubunifu shuleni.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia tukiwa walimu wa sayansi na mafundi wa karakana tunaolea klabu za wanafunzi wabunifu katika shule za sekondari. Ombi letu ni moja, na mengine yote yaliyomo humu yanalizunguka hilo: kifaa alichobuni mwanafunzi kisipewe kombe mpaka kiwe kimetumiwa na mtu mwenye shida yenyewe, kwa siku zisizopungua 60, na kumbukumbu za siku hizo ziwe mezani.

Tuanze na jirani zetu wa Kenya. Upande wa Kitengela, mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kijana wa Kimaasai aitwaye Richard Turere alikabidhiwa ng'ombe wa baba yake awalinde dhidi ya simba. Alianza na moto. Moto haukusaidia, maana uliwamulikia simba zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba walikuja, wakaiona, wakageuka. Usiku wa pili walikuja tena, wakaikuta imesimama palepale haitikisiki, wakaingia wakaua. Baadaye akagundua kwamba usiku anapozunguka zizi na tochi mkononi simba hawasogei, kwa kuwa wanachoogopa ni mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi mbovu, akazifunga kuzunguka zizi ziwe zinawaka na kuzima kwa kupokezana, kama mtu anayepita na tochi. Simba wakakaa mbali.

Sasa fikirini ile sanamu ingeletwa kwenye maonyesho ya siku moja. Ingepewa kombe. Ilifanya kazi mbele ya mashahidi, ni rahisi, haina gharama, na mtoto angeieleza vizuri sana. Kasoro yake ilikaa inasubiri usiku wa pili, na mashindano yetu hayana usiku wa pili.

Hatusemi haya kwa kudharau kilichopo. Maonyesho ya sayansi ya Young Scientists Tanzania tangu 2011, na mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, tangu 2019, yamewapa watoto wa shule za kata nafasi ya kusimama mbele ya watu na kueleza walichofikiri kwa vichwa vyao. Hilo ni jambo kubwa na tunalishukuru. Tunachotaka ni hatua inayofuata, na tunaomba mtuvumilie tukiingia ndani ya vifaa vyenyewe, kwa sababu hoja yetu imo humo.

Chukueni mashine ya kutotolesha vifaranga, mradi unaopendwa sana na wanafunzi, na kwa haki, kwa sababu kuku ni akiba ya nyumba nyingi. Yai la kuku huchukua siku 21. Maonyesho huchukua siku mbili au tatu. Kwa hiyo kinachoonekana mezani ni sanduku lenye balbu inayowaka na kuzima, pamoja na mayai ambayo hakuna anayejua kama yana uhai. Mwanafunzi atawaambia majaji, bila kukosea, kwamba mashine yenye feni inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 37.5 na 37.8 za Selsiasi. Kwamba unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza na 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Kwamba mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku mpaka siku ya 18, kisha yaachwe. Yote ni kweli. Lakini kinachoua mayai hakiandikwi kwenye bango.

Cha kwanza ni kipimajoto. Vipimajoto vya bei nafuu hukosea nyuzi moja au zaidi, na kwa yai nyuzi moja ni uhai au kifo: likipata joto pungufu, kifaranga huchelewa na hutoka dhaifu, likizidi, hufia ndani. Kukipima kwenye barafu hakutoshi, kwa sababu kinaweza kusoma sifuri sawasawa na bado kikapotoka kwenye 38. Dawa ni kipimajoto cha homa, ambacho kimetengenezwa hasa kwa ajili ya nyuzi 35 hadi 42. Jaza kikombe maji ya uvuguvugu ya nyuzi kama 38, tumbukiza vyote viwili pamoja, koroga, subiri dakika tatu, soma. Tofauti iandikwe kwenye karatasi ya gundi na kubandikwa juu ya sanduku: "toa 0.8". Kazi hii haizidi dakika kumi. Hata hivyo ni nadra kuiona imefanywa, maana hakuna alama inayotolewa kwa ajili yake.

Cha pili ni kile kidude cha kudhibiti joto kinachouzwa kikiwa na namba nyekundu, kinachotumia volti 12. Mara nyingi hutoka kiwandani kikiwa kimewekewa tofauti ya nyuzi 2, yaani kikizima kwenye 37.8 hakiwashi tena mpaka joto lishuke hadi 35.8. Mwanafunzi anaona namba zinapanda na kushuka, anaamini kifaa kinafanya kazi. Lazima aingie kwenye mipangilio yake na kuishusha tofauti hiyo hadi nusu nyuzi au chini zaidi.

Cha tatu ndicho kinachouma kuliko vyote. Waya wa ndani ya balbu ukiwa baridi hupitisha mkondo wa umeme mara kumi hivi ya ule unaopita ukishapata moto. Kila balbu inapowashwa, ncha za relei, ile swichi ya sumaku inayolia "tak", hupigwa cheche. Baada ya siku kadhaa za kuwasha na kuzima mara mamia, ncha hushikana kama zimelehemiwa. Balbu haizimi tena. Usiku mmoja unatosha kupika trei nzima. Maonyesho ya siku mbili hayawezi kuliona hili, wala jaji hawezi kuliuliza kama hajawahi kukutana nalo. Kinga yake ni thermostati ya pili, ya kimitambo isiyo na programu, iliyofungwa kwa mfululizo na ile ya kwanza na kuwekwa ikate kwenye nyuzi 39. Na badala ya balbu moja ya wati 100, zifungwe mbili za wati 40, kila moja na njia yake, ili moja ikiungua sanduku lisipoe lote.

Halafu kuna umeme kukatika. Wengi hukimbilia betri na inveta, gharama ikapanda mpaka mama mwenye kuku kumi hawezi kuinunua mashine. Kuna njia ya chupa. Weka ndani ya sanduku chupa nne za lita moja na nusu zilizojaa maji, mbali kidogo na balbu. Lita sita za maji zikishuka nyuzi moja hutoa jouli kama elfu 25. Sanduku lililozibwa vizuri, linalopoteza wati 20, litachukua zaidi ya dakika 20 kushuka nyuzi moja. Umeme ukikatika kwa saa moja, mayai yanapoteza nyuzi tatu hivi, na mayai huvumilia vizuri zaidi kupoa kwa muda mfupi kuliko kuzidishiwa moto. Chupa hizohizo hutuliza joto lisirukeruke umeme ukiwepo. Kama sanduku ni la boksi la karatasi, lipigwe marufuku papo hapo: balbu, karatasi na manyoya havikai pamoja.

Mwanafunzi aliyepita siku 21 na mashine yake atakuwa na namba moja tu ya kumwonyesha jaji, nayo inatosha. Siku ya 7 alimulika mayai kwa tochi akatoa yasiyo na mbegu, yalibaki 24, vikatoka vifaranga 17. Hiyo ni asilimia 71 ya mayai yenye mbegu. (Tunatoa mfano wa hesabu tu.) Akileta na raundi ya pili yenye vifaranga 20 kati ya 24, na akaeleza alibadilisha nini katikati, huyo amevumbua. Mwenzake mwenye sanduku lenye rangi nzuri na taa za kumetameta bado yuko njiani.

Mradi wa pili tunaoomba mwutazame ni fimbo ya kielektroniki ya wasioona. Nia yake ni njema mno, na ndiyo maana inatuumiza kuona inavyokwama. Karibu zote zinafuata mpango mmoja: kihisio cha mawimbi ya sauti cha HC-SR04, ubao wa Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kuongozea saketi), buza ya kutoa mlio, betri ya volti 9, vyote vimefungwa kwenye paipu ya PVC. Kihisio hutoa mlio wa kilohezi 40 usiosikika, mlio hugonga kitu na kurudi, saketi hupima muda. Mezani mwanafunzi anaielekeza ukutani, buza inalia, watu wanapiga makofi.

Ukuta wa ukumbi ni tambarare, mgumu, na uko mbele moja kwa moja. Barabarani hakuko hivyo. Nguo laini hunyonya mlio, kwa hiyo mtu aliyesimama na khanga au koti zito anaweza asionekane. Ubavu wa gari lililoegeshwa kimshazari huurusha mlio pembeni, haurudi. Mvua ikinyesha, macho mawili ya kihisio yaliyo wazi huingia maji. Kipo kihisio kisichopitisha maji, JSN-SR04T, lakini hicho hakioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hivi, kwa hiyo programu lazima iandikwe ikilijua hilo. Na mtaro usio na mfuniko, adui mkubwa wa asiyeona katika miji yetu, haurudishi chochote kwa kihisio kinachotazama mbele, kwa sababu pale hakuna kitu, kuna uwazi.

Betri je? Ubao wa Uno peke yake hula karibu miliampia 50, kihisio 15, buza au mota ya mtetemo huongeza yake. Betri ndogo ya volti 9 ya bei rahisi ina miliampia-saa mia nne hivi, na kwa kuwa ubao unaishusha kutoka volti 9 hadi 5 kwa kuichoma, karibu nusu ya nguvu hupotea kuwa joto. Saa nne au tano, imekwisha. Mtumiaji atahitaji betri mpya kila siku, na siku itakapozimika katikati ya barabara hatajua, maana ukimya wa fimbo iliyozimika ni uleule wa njia iliyo salama. Kasoro hii tunaihesabu kuwa ya hatari kuliko zote. Kila kifaa cha usalama kinapaswa kutoa ishara kwamba kiko hai, mtetemo mfupi kila sekunde kumi unatosha, ili ukimya wenyewe uwe onyo. Na betri iwe ya lithiamu ya kuchaji, ya aina ya simu, ya miliampia-saa 1,000, pamoja na kidude cha kupandisha volti. Hiyo hufika saa nane.

Lakini kosa lililo kubwa kuliko hayo ni la kutouliza. Anayetumia fimbo nyeupe kila siku atamwambia mwanafunzi mambo matatu ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha maabara. La kwanza: vitu vya chini fimbo yangu inavikuta yenyewe, ngazi, jiwe, shimo, ukingo wa mtaro, vinavyonipiga ni vya kifuani na usoni, tawi la mwembe, kioo cha lori, kona ya bati la kibanda. Kwa hiyo kihisio kikae karibu na mpini na kitazame juu kwa mshazari, kisitazame magotini. La pili: usinilizie buza, masikio ndiyo macho yangu barabarani, nasikiliza bodaboda, nipe mtetemo kwenye kidole. La tatu: fimbo isiwe nzito, nitaizungusha saa nzima. Fimbo ya kawaida ni nyepesi, gramu mia mbili na kitu. Paipu ya PVC yenye sanduku la betri inaweza kuzidi mara tatu ya hapo, na kifundo cha mkono kinachoka kabla ya kufika sokoni.

Mambo yote matatu yanapatikana kwa mazungumzo ya nusu saa. Tunazo shule zenye wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu humuhumu nchini, wengine darasa moja na hao wabunifu. Waulizwe kabla ya waya wa kwanza kukatwa.

Kengele ya tenki la maji tutaipitia haraka. Waya mbili za shaba hutumbukizwa kwenye tenki, transista moja ya BC547, rezista, buza. Maji yakifika juu, inalia. Siku ya maonyesho inalia vizuri. Baada ya wiki chache waya uliofungwa kwenye chanya umekuwa wa kijani na umelika, kwa sababu umeme wa mkondo mmoja unaopita majini muda wote huimenya shaba na kuiyeyusha kwenye maji ambayo watu wanakunywa. Badala ya shaba tumieni bolti za chuma kisichoshika kutu, na umeme usipite muda wote: wekeni kitufe, mtu akitaka kujua maji yako wapi anabonyeza sekunde mbili, anasoma taa, anaachia. Betri itadumu miezi. Au muache umeme kabisa. Boya la chupa iliyotiwa maji nusu na kufungwa, zito kuliko jiwe, ndani ya tenki, mshipi wa kuvulia wa milimita moja unaopita juu ya puli, na jiwe lililopakwa rangi nyekundu linaloning'inia nje: maji yakipanda, jiwe linashuka. Kamba ya katani isitumike, jua huimaliza, na puli iwe na kingo ndefu ili upepo usiutoe mshipi.

Hapa tuseme tunaloliamini kwa dhati: alama za mashindano zinawasukuma watoto kuweka umeme mahali usipohitajika. Kibuyu chirizi, dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari wa moto, likaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, na kuinamishwa kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyagia, kimenawisha mikono ya watoto kuliko mashine nyingi zenye vihisio. Kikiharibika, anayekitumia anakitengeneza mwenyewe. Mwaka 2020, wakati wa korona, mtoto wa miaka 9 wa Bungoma, Stephen Wamukota, aligongomea mbao na misumari akatengeneza kinawia mikono cha kukanyaga kwa miguu, na Rais wa Kenya akamtunuku nishani. Hakukuwa na hata waya mmoja.

Basi, waheshimiwa, tunaomba haya.

Mashindano yagawanywe sehemu mbili. Mwanzo wa mwaka, mwishoni mwa Februari, klabu ilete ukurasa mmoja: shida ni ya nani, jina la kijiji au mtaa, mtu huyo amesema nini, na leo anaitatua vipi bila sisi. Aprili kifaa kiwe mkononi mwa mtumiaji. Siku 60 zihesabiwe kuanzia hapo. Mashine za vifaranga zianze mapema, zimalize raundi kabla ya likizo ya Juni, la sivyo mayai hayatakuwa na wa kuyageuza. Fainali ije muhula wa pili, mbali na mitihani ya Novemba.

Katika alama 100, tunapendekeza 35 ziende kwenye daftari la hitilafu. Si lazima liwe zuri. Ukurasa wenye safu sita unatosha: tarehe, saa kilizotumika, kilichoharibika, sababu tunayodhani, tulichobadilisha, ilikuwaje baada ya hapo. Mfano wa mstari mmoja: "Siku ya 9, saa 216, joto 39.4 asubuhi, relei imenata, tumeweka thermostati ya pili, siku ya 15 bado sawa." Mstari kama huo una fizikia nyingi kuliko bango la mita mbili. Daftari lisilo na hitilafu hata moja kwa siku 60 lipewe sifuri, kwa sababu ama kifaa hakikutumika, ama daftari limejazwa jana usiku. Alama nyingine 20 zitolewe na mtumiaji mwenyewe, 15 kwa vipimo, 15 kwa urahisi wa kutengenezeka kwa vipuri vinavyopatikana wilayani, na 15 zilizobaki kwa maelezo mbele ya majaji.

Na majaji wawe watatu wa aina tatu: mtaalamu wa sayansi, fundi anayekula kwa mikono yake (VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanawajua walipo), na mtu mwenye shida inayozungumziwa. Fundi wa redio wa mtaani huigundua relei itakayonata kwa kuitazama tu.

Kila shule yenye klabu ipewe sanduku la zana, na orodha yake iwe fupi ili isiwe kisingizio: multimita (kipima umeme) mbili, pasi tatu za kulehemu za wati 40 na risasi yake nusu kilo, koleo, kikata waya, bisibisi seti moja, msumeno wa chuma na drili ya mkono yenye vichwa vya milimita 2 hadi 10, mizani ya jikoni ya kilo 5, vipimajoto vitatu vya nyuzi 0 hadi 100 na kimoja cha homa, betri ya volti 12 yenye ampia-saa 7, paneli ya wati 20, chaji kontrola, na pakiti ya fyuzi. Multimita ndiyo ya kwanza. Klabu isiyo na multimita inafanya kazi kwa kubahatisha, na inabadilisha vipuri vizima kwa vibovu bila kujua. Ule ubao mweupe wa matundu wa kuchomekea nyaya bila kulehemu unafaa kwa kujaribia tu. Kifaa kilichobaki juu yake hakivuki safari ya basi kutoka wilayani hadi kwenye fainali, nyaya huchomoka zenyewe njiani.

Vipuri vingi vimelala stoo za ofisi. Kompyuta zilizofutwa kwenye daftari la mali zina feni za volti 12, nyaya, swichi, na kisanduku cha umeme kinachotoa volti 12, 5 na 3.3 vizuri kabisa. Tunaomba waraka utakaorahisisha mali hiyo chakavu kwenda kwenye karakana za shule za halmashauri husika. Waraka huohuo useme wazi kwamba kile kisanduku cha umeme hakifunguliwi na mwanafunzi: ndani yake kuna kapasita zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa.

Kuhusu usalama, tunaomba sharti, maana ushauri pekee hautoshi. Kifaa chochote kinachogusa umeme wa volti 230 kiunganishwe na mwalimu au fundi, kipitie kwenye swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja miliampia 30, na kila sehemu ya chuma iwe na waya wa ardhi. Betri za lithiamu zilizong'olewa kwenye kompyuta kuukuu zisichajiwe bila saketi ya ulinzi, zisizidi volti 4.2 kwa seli, na iliyokutwa imeshuka chini ya volti 2 itupwe kwa utaratibu, isijaribiwe kufufuliwa. Seli iliyovimba haitobolewi. Mambo haya yakikosekana, siku moja tutaandika barua nyingine, na hatutaki kuiandika.

Jambo la walimu. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Shule ya Sekondari Magamba mkoani Tanga, Erasto Mpemba, aliona maziwa yake ya moto ya kutengenezea aiskrimu yamewahi kuganda kuliko ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza, akachekwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kuzungumza kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne naye aliona ni jambo gumu kuamini, lakini alirudi maabara akataka lipimwe, na mwaka 1969 wakaandika pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya sababu yake, na jambo lenyewe linabeba jina la mwanafunzi wa Tanga. Tunachoomba kwa kila mwalimu wa klabu ni alichofanya Osborne tu: kurudi na kupima. Lakini mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki hana muda wa kupima. Klabu ihesabiwe kuwa vipindi viwili katika mzigo wake wa kazi, viandikwe kwenye ratiba, visiwe vya hisani baada ya saa kumi jioni. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umefungua mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Vipindi hivyo vina pa kukaa.

Mwisho, kila kundi liwe na angalau mwanafunzi mmoja wa kidato cha chini. Kidato cha nne wakimaliza mitihani wanaondoka, na kifaa kilichokuwa kikifanya kazi kwa mama mmoja kijijini kinabaki na fyuzi iliyokatika ambayo hakuna anayejua ilipo. Michoro ya saketi ibandikwe ndani ya mfuniko wa kifaa chenyewe, kwa Kiswahili, pamoja na namba ya fyuzi na mahali inaponunuliwa. Na kwenye orodha ya washindi wa mwaka huu, tunaomba maofisa wenu wafunge safari mwezi wa sita mwakani kwa kila mtumiaji aliyetajwa, waulize swali moja: kinafanya kazi leo? Majibu yachapishwe kando ya majina ya washindi, ndiyo au hapana, na kama ni hapana, ni kipuri gani kilichokufa kwanza.

Wenu katika kazi,

Walimu wa sayansi na mafundi walezi wa klabu za wanafunzi